Kuchora bondi za atomu kwa mtama na choroko

Kabla hujashika penseli kuchora bondi, yaani kiungo kinachoshikanisha atomu, jiulize: kati ya atomu hizi, kuna metali? Vijana wa kidato cha tatu ninaowafundisha jioni barazani kwangu, hapa Area C Dodoma, hukimbilia kuchora miduara inayopishana hata kwenye chumvi. Metali ikikutana na isiyo metali, elektroni hutolewa. Zote zikiwa si metali, elektroni huchangiwa. Vighairi vipo, utavikuta mbele ya safari.

Chukua chaki ya kuchorea maganda, yaani miduara ya elektroni kuzunguka kiini cha atomu, pamoja na mtama na choroko. Mtama ni elektroni za atomu moja, choroko za nyingine. Elektroni zote ni zilezile. Rangi ni ya kukuonyesha ipi imetoka wapi.

Anza na chumvi. Sodiamu ina elektroni 11: panga mtama 2, 8, kisha 1 ganda la nje. Klorini ina 17: choroko 2, 8, 7. Sasa ile punje ya mwisho ya mtama ihamishie ganda la nje la klorini. Usiiache katikati! Sodiamu imebaki na protoni 11 (chembe za chaji chanya kiinini) na elektroni 10 (za chaji hasi), basi ina chaji ya +1; klorini imepata −1. Weka mabano ya mraba na chaji. Maksi nyingi hupotelea hapo. Kinachozishikanisha ni mvutano wa chaji hizo, tena si mbilimbili: ndani ya chembe ya chumvi kila ioni (atomu yenye chaji) ya sodiamu imezungukwa na 6 za kloridi, yaani klorini yenye chaji.

Maji sasa. Oksijeni ni 2, 6, na kila haidrojeni, kati ya mbili zilizopo, ina 1. Hakuna metali, kwa hiyo hapa miduara ipishane, na kila penye mpishano weka choroko 1 na mtama 1. Punje hizo zihesabu pande zote mbili: oksijeni itapata 8 ganda la nje, haidrojeni 2, nayo imetosheka. Wazo la jozi ya kuchangia alilitoa Gilbert Lewis, Mmarekani, mwaka 1916.

Unataka kuhakikisha? Unganisha betri nne za tochi na kitaa chekundu cha LED, chovya ncha za nyaya kwenye maji ya chumvi, kisha ya sukari. Kwenye chumvi kitawaka, maana ioni hubeba umeme; kwenye sukari, ya elektroni za kuchangia, hapana. Tumia maji ya mvua; haya yetu ya kisima yana chumvichumvi, yatakuvuruga. Fanyia nje na usikawie, maana klorini kidogo hutoka.

Ukimaliza, panga magnesiamu na oksijeni. Mtama 2 zinahama.