Kubadilisha bati kabla ya masika
Kazi ya paa Unguja na Pemba ni vyema imalizike kabla ya Machi, masika yanapoanza. Mwombe fundi apande darini mchana, atazame vitundu vinavyopitisha mwanga, kisha achome papi, yaani mbao zinazopigiliwa bati, kwa ncha ya kisu. Ikizama kwa wepesi, mbao imeoza au imeliwa na mchwa, na kuipigilia bati jipya ni hasara tupu. Karibu na pwani, ambako upepo huja na chumvi, kutu hupenda kuanzia kwenye tundu la msumari. Kwa hiyo chagua bati la geji 28 (geji ni kipimo cha unene), lililo nene kuliko la 30, na usimamie mwenyewe misumari ipigwe mgongoni mwa bati, kamwe si kwenye bonde linalopitisha maji. Kama nyumba iko Mji Mkongwe, eneo la kihistoria linalohifadhiwa, tafuta kibali kwanza.