Kuwashughulisha Watoto Wadogo Ndani ya Nyumba Wakati wa Masika

Masika ya Unguja na Pemba huanza Machi na kwa kawaida huendelea hadi Mei. Katika miezi hiyo mtoto wa miaka mitatu hadi sita huweza kukaa ndani kutwa nzima kwa sababu uani kumetuama maji na njia zimejaa tope. Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia jirani yangu kupanga siku za wanawe, kwa utaratibu uleule ninaoutumia na watoto wa skuli ya maandalizi. Ninasisitiza mpangilio: mwili uchoke kwanza, mikono ifuate, na masikio yaje mwisho, kwa kuwa mtoto ambaye bado ana nguvu zake zote hawezi kutulia akasikiliza hadithi.

Hatua ya kwanza: ukumbi. Sogeza viti, kausha sakafu, tandika jamvi.

Hatua ya pili: mwili. Kunja kanga ziwe kamba nene, uzilaze sakafuni kama kingo za mfereji, kisha watoto waruke kutoka ukingo hadi ukingo. Wakizoea, kila mmoja abebe ndimu juu ya kijiko na kuvuka bila ya kuidondosha. Wacheze peku, kwani soksi huteleza.

Hatua ya tatu: unga wa kuchezea. Changanya vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, vikombe 2 vya maji, vijiko vikubwa 2 vya mafuta ya kupikia na vijiko vikubwa 2 vya maji ya ndimu. Koroga vyote vikiwa baridi mpaka madonge yaishe, ndipo uteleke sufuria kwenye moto mdogo, ukikoroga kwa mwiko bila ya kupumzika hadi mchanganyiko uache sufuria na kuwa donge moja. Uache upoe kiasi cha kushikika, kisha ukande mpaka uwe laini. Ukitaka rangi, tia manjano katika maji tangu mwanzo, lakini uwavalishe watoto nguo kuukuu, kwa sababu doa la manjano halitoki kwa urahisi.

Wako wanaokanda unga huu kwa maji baridi bila ya kuupika. Siwashauri wafanye hivyo wakati wa masika, kwani unga mbichi hunata vidoleni na huharibika upesi. Hata uliopikwa una tabia moja inayowasumbua wengi: chumvi iliyomo huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo donge lililoachwa wazi usiku kucha huamka likiwa limelowa na linateleza. Likifika hapo, nyunyiza unga mkavu kidogo kidogo huku ukikanda. Lisipokubali, lirudishe motoni kwa moto mdogo, uligeuzegeuze hadi likauke. Lihifadhi katika kopo lenye kifuniko kinachobana, lakini ungoje lipoe kabisa kabla ya kufunika, kwa sababu mvuke wa donge la moto hugeuka matone chini ya kifuniko, na matone hayo ndiyo huleta ukungu. Ukiona madoa au ukisikia harufu ya uchachu, litupe.

Unga huu hauliwi. Chumvi yake ni nyingi mno, na humdhuru hata paka wa nyumbani, kwa hiyo usiachwe mahali anapofika. Mtoto ambaye bado anatia kila kitu mdomoni apewe ugali uliopoa aufinyange, nao utupwe siku hiyohiyo. Kuhusu vifaa, ninapendelea sana kifuu cha kukatia duara, kombe za pwani za kuchapia nakshi na kibao cha kusukumia chapati kuliko vikatio vya plastiki vya dukani, ambavyo humfanyia mtoto kazi iliyostahili kufanywa na vidole vyake.

Hatua ya nne: mdako, yaani mchezo wa kurusha na kudaka vijiwe, au bao linalochezwa kwa mbegu za komwe, kwa waliotimiza miaka mitano tu. Komwe na vijiwe humkaba mtoto mdogo, basi vihesabiwe kabla na baada ya mchezo.

Hatua ya tano: vitendawili. Mvua ikipiga juu ya bati sauti haifiki mbali, kwa hiyo wakae karibu nawe jamvini. Sema "Kitendawili!" nao wajibu "Tega!" Anza na vyepesi, kama nyumba isiyo na mlango, ambayo ni yai, na kuku aliyetagia mwibani, ambaye ni nanasi. Wakishindwa, waombe mji na usikubali kutoa jibu mpaka waupate: leo Makunduchi, kesho Wete, keshokutwa Mkoani. Ukishapewa, simulia kwa sentensi mbili tatu ulivyosafiri kwenda huko na ulichokiona njiani, ndipo utegue. Kwa njia hiyo watoto hujifunza majina ya miji ya visiwa vyao bila ya kukaririshwa. Mtoto akitaka kutega cha kwake, mpe nafasi hata kama jibu lake halilingani na swali, kisha umwombe aeleze vinafanana wapi.