Filamu bora za mwaka na utabiri wa tuzo: jinsi ya kuandaa orodha zote mbili ukiwa Uganda

Mpenzi wa sinema huwa na maswali mawili kila mwaka unapoisha: filamu zipi zilinigusa, na zipi zitachukua tuzo? Wengi huyajibu kwa orodha moja, na hapo ndipo mambo huharibika. Filamu uliyoipenda unaipa ushindi ambao wapiga kura hawajawahi kuuwazia; ile inayosifiwa na kila mtu unaipandisha juu ingawa ulisinzia nusu yake. Nunua madaftari mawili. La kwanza ni la mapenzi yako, na humo hakuna wa kukusahihisha. La pili ni la hesabu: nani anapiga kura, kura zinahesabiwaje, na lini.

Daftari la kwanza: uliyoyapenda

Kwanza amua mwaka wako unaanza lini. Filamu nyingi zinazowania Oscar hutoka Marekani Novemba na Desemba, na sisi huku huzipata Januari, Februari au baadaye zaidi. Ukifunga orodha Desemba 31 utakuwa umeandika mwaka wenye mapengo. Nashauri mwaka wa daftari hili uanze Machi 1 na kuisha siku ya mwisho ya Februari, na kila filamu ihesabiwe kwa tarehe uliyoiona wewe.

Kila filamu ipewe mstari wenye jina, mwongozaji, tarehe, na mahali ulipoitazamia: ukumbini, kwenye simu, kwenye televisheni au kibandani, yaani ukumbi mdogo wa video wa mtaani. Safu ya mahali ndiyo watu huiacha, na kwa Uganda ndiyo yenye uzito kuliko zote. Filamu uliyoitazama kibandani ikiwa imetafsiriwa na VJ, yaani msimulizi anayezungumza juu ya filamu, ni kazi ya mikono miwili. VJ hodari hujaza ukimya, hueleza mhusika anawaza nini, huongeza utani, na jambazi wa ng'ambo humpa jina la mtaa mnaoujua. Watazamaji wengi wa nchi hii waliingia kwenye sinema kupitia sauti hizo, na ufundi wao unastahili heshima. Tatizo ni kwamba sauti ya VJ hufunika mazungumzo, muziki na milio ya filamu yenyewe. Ukitoka kibandani unaweza kupima picha, uhariri, mapigano na mwendo wa hadithi. Mswada, muziki na usanifu wa sauti huwezi kuvipima, na uigizaji utaupima nusu tu, kwa kuwa nusu yake imo kwenye sauti ya mwigizaji. Kuna kipimo rahisi: jaribu kukumbuka sentensi moja iliyokuchoma. Kama ni ya VJ, bado hujaiona filamu hiyo. Iwekee herufi V pembeni, na isiingie kwenye kumi bora mpaka uitazame tena katika lugha yake, pamoja na maandishi ya tafsiri chini. Tafsiri zenyewe zitengee ukurasa wao na uzipange pia. Ni sanaa ya hapa nyumbani na ni wachache wanaoiwekea kumbukumbu.

Simu nayo hudanganya kwa njia yake. Netflix ikiwekwa kwenye kiwango cha kuokoa data, GB 1 hutosha takriban saa 6. Ikiwekwa kwenye HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa moja, yaani filamu ya saa mbili ikamaliza GB 6. Kwa hiyo watu hushusha kiwango, na matukio ya usiku yanageuka vipande vya kijivu visivyo na umbo. Mtazamaji anaandika kuwa mpiga picha hakujua kazi, kumbe ni bando. Ukipata Wi-Fi ya kazini au chuoni, pakua filamu kwa ubora wa juu na uitazame baadaye gizani ukiwa na spika za masikioni. Filamu inayotegemea ukubwa wa picha iwekee akiba ya tiketi ya ukumbini, Century Cinemax pale Acacia Mall au penginepo, na zile za watu wawili mezani ziachie simu.

Usiku uleule andika mistari mitatu: picha moja unayoikumbuka, jambo moja lililokwama, na swali moja ambalo filamu imekuachia. Usitoe nyota wala asilimia. Nyota nne za Machi hazilingani na nyota nne za Novemba, kwa sababu kipimo chako kinasogea mwaka mzima bila wewe kujua.

Badala ya alama, linganisha filamu mbili mbili. Chukua filamu mpya, iweke kando ya ile iliyo katikati ya orodha, ujiulize: nikipewa tiketi moja leo, nitarudia ipi? Ikishinda ile mpya, ilinganishe na iliyo katikati ya nusu ya juu; ikishindwa, nenda nusu ya chini. Endelea kugawa hivyo. Orodha ikiwa na filamu 31, maswali hayazidi matano kabla filamu mpya haijapata nafasi yake. Kosa linalorudi kila mwaka ni kupandisha kilichoonwa juzi, kwa hiyo weka sheria: filamu isiingie kwenye tano bora kabla ya siku 14 kupita. Nyingi hushuka zenyewe ndani ya muda huo.

Daftari la pili: wapiga kura

Hapa mapenzi yako yanakaa nje. Chukua Oscar. Academy, chama cha wanasinema kinachotoa tuzo hizo, ina wanachama zaidi ya 10,000, wamegawanywa kwa fani. Wakati wa uteuzi, waigizaji huteua waigizaji, wahariri huteua wahariri, na kila mwanachama huteua Filamu Bora. Kwenye kura ya mwisho wote hupiga kura kwa vipengele vyote. Ndiyo maana kazi ya kifundi inayowashangaza mafundi wenzake hupata uteuzi, kisha ikashindwa na filamu maarufu zaidi wanapoingia wapiga kura ambao si wa fani hiyo.

Katika karibu vipengele vyote, mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Filamu Bora ina utaratibu wake, na asiyeuelewa atakosea mwaka baada ya mwaka. Tangu tuzo za 2022 wateule wake ni 10 kamili, na mpiga kura huwapanga kwa nafasi. Kama hakuna filamu iliyovuka nusu ya kura za kwanza, ya mwisho hutolewa na karatasi zake hupelekwa kwa filamu iliyoandikwa ya pili. Hurudiwa hivyo mpaka mmoja avuke nusu.

Jaribuni wenyewe mkiwa watu 9, filamu 3, karatasi na mabakuli matatu. Tuseme filamu ya vita ina kura 4 za kwanza, ya familia 3, ya muziki 2. Nusu haijavukwa, zinahitajika 5. Ya muziki inatoka. Waliokuwa nayo wote wawili waliandika ya familia nafasi ya pili, kwa hiyo familia inafika 5 na kushinda, ingawa vita iliongoza mwanzoni. Mnapofanya zoezi hili mambo mawili huharibika. Mtu huandika filamu moja tu, na ikitolewa karatasi yake haina pa kwenda. Iondoeni na mhesabu nusu upya kwa karatasi zilizobaki. Mwingine hupa filamu mbili nafasi moja. Mrudishieni arekebishe kabla hamjaanza kuhesabu.

Maana yake kwa mtabiri ni hii: filamu inayopendwa sana na wachache na kuchukiwa na wengine iko hatarini, na ile ambayo karibu kila mtu ameiweka ya pili au ya tatu ina nguvu. Mwaka 2022 The Power of the Dog iliingia na uteuzi 12 na kutoka na tuzo moja, ya uongozaji. CODA ilikuwa na uteuzi 3 tu, bila uongozaji wala uhariri, na ikashinda yote matatu, Filamu Bora ikiwemo. Aliyehesabu idadi ya uteuzi alikosea. Aliyeangalia tuzo ya chama cha watayarishaji, PGA, alipata, kwa sababu chama hicho nacho hupanga kwa nafasi na kilikuwa kimeichagua CODA.

PGA nayo si msahafu. Mwaka 2020 PGA na chama cha waongozaji, DGA, vyote viliipa filamu ya 1917, na Oscar ikaenda kwa Parasite, filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kushinda Filamu Bora. Dalili ilikuwepo: waigizaji, ambao ndio kundi kubwa zaidi ndani ya Academy, walikuwa wameipa Parasite, kupitia chama chao, tuzo ya kundi zima la waigizaji.

Kwa vipengele vya uigizaji, weka mezani tuzo ya chama cha waigizaji wa Marekani, SAG, na BAFTA ya Uingereza. Zikikubaliana, mpe mtu huyo asilimia 80 au zaidi. Zikigawanyika, kazi inaanza. Mwaka 2021 SAG ilimpa Chadwick Boseman, BAFTA ikampa Anthony Hopkins, na Oscar ikamfuata Hopkins. Mwaka 2024 Lily Gladstone alipata SAG, Emma Stone BAFTA na Oscar. Mwaka 2025 SAG iliwapa Demi Moore na Timothée Chalamet. BAFTA iliwapa Mikey Madison na Adrien Brody, na ndio waliopanda jukwaani. Sababu ninayoiamini ni kwamba Academy imeongeza sana wanachama wa nje ya Marekani tangu 2016, na ladha yao iko karibu na ya London. Ila 2023 mambo yaligeuka: BAFTA iliwachagua Cate Blanchett na Austin Butler, SAG Michelle Yeoh na Brendan Fraser, na Oscar ikaenda na SAG. Kwa hiyo mgawanyiko ukitokea, egemea BAFTA kidogo tu. Asilimia 50 kwa 40, ukibakiza 10 kwa wengine.

Golden Globes ipe uzito mdogo. Wanaopiga kura huko ni waandishi wa habari, na hakuna anayehamia na kura yake Academy. Tuzo za wahakiki wa New York na Los Angeles, zinazotangazwa Desemba, zitumie kujua ni filamu gani itatazamwa. Basi. Na kutazamwa sasa kuna uzito: kuanzia tuzo za 2026 mwanachama anatakiwa awe ameziona filamu zote zilizoteuliwa katika kipengele kabla ya kukipigia kura ya mwisho.

Angalia pia kura inafungwa lini. Mwaka 2025 ilifungwa Februari 18 na SAG ilifanyika Februari 23. Washindi wa SAG wasingeweza kumshawishi mtu yeyote. Walikuwa kipimo cha mawazo yaliyokwisha kuandikwa. BAFTA ilikuwa Februari 16, kura zikiwa wazi. Habari au kashfa inayolipuka baada ya kura kufungwa, ipuuze kabisa.

Filamu za nyumbani

Hapa ndipo daftari moja humponza mtu. Mwaka 2024 Bobi Wine: The People's President iliteuliwa katika kipengele cha Oscar cha Filamu Bora ya Makala (documentary), na mtazamaji wa Uganda alikuwa na kila sababu ya kuitakia ushindi. Daftari la pili lilisema vingine: 20 Days in Mariupol ilikuwa tayari na tuzo za DGA na BAFTA, na ndiyo iliyoshinda. Furaha iandike kwenye daftari la kwanza kwa wino mwekundu ukitaka.

Uganda ilipeleka filamu kwenye kipengele cha filamu za kimataifa kwa mara ya kwanza na Tembele, iliyowania tuzo za 2023. Zaidi ya nchi 80 huingia, orodha ya 15 hutoka Desemba, kisha 5. Kabla hujatabiri filamu yoyote ya Afrika hapo, sikiliza lugha: zaidi ya nusu ya mazungumzo lazima yasiwe ya Kiingereza. Mwaka 2019 Lionheart ya Nigeria iliondolewa kwa sababu Kiigbo kilikuwa dakika 11 hivi katika filamu ya dakika 95. Filamu nyingi za Kampala huchanganya Kiingereza na Luganda, kwa hiyo shika saa na upime.

Tuzo za Uganda Film Festival, zilizoanzishwa na tume ya mawasiliano, UCC, mwaka 2013, pamoja na zile za matamasha ya filamu ya ZIFF ya Zanzibar na FESPACO ya Ouagadougou, huamuliwa na jopo dogo. Hesabu za vyama hazifanyi kazi hapo. Soma majina ya majaji na kazi zao, kisha punguza uhakika wako. Usimpe yeyote zaidi ya asilimia 50. AMVCA ya Lagos, tuzo za filamu na televisheni za Afrika, ina vipengele vya majaji na vingine vya kura za watu, na kwenye kura za watu ukubwa wa nchi na wafuasi wa mtandaoni hushinda ubora.

Usiku wenyewe, na kujipima

Uteuzi wa Oscar kwa kawaida hutangazwa Januari, saa kumi na nusu alasiri ya hapa. Sherehe ya Machi, tangu 2024, huanza saa nane usiku kuamkia Jumatatu, au saa tisa ikiwa Marekani bado haijasogeza saa zake mbele. Fungeni utabiri Jumapili jioni, kila mtu aweke sahihi, na karatasi zishikwe na asiyeshiriki.

Kila kipengele kiwe na asilimia zinazojumlika 100. Baadaye chukua asilimia uliyompa mshindi, igeuze desimali (70 iwe 0.7), itoe kwenye 1, uzidishe jibu kwa lenyewe. Uliyempa 70 akishinda: 0.3 mara 0.3, unapata 0.09. Mshindi akiwa ni mtu uliyempa 20: 0.8 mara 0.8, ni 0.64. Jumlisha vipengele vyote. Mwenye jumla ndogo ndiye mtabiri bora. Njia hii humwadhibu anayempa chaguo lake 95 katika kila kipengele, na humlipa aliyekiri mashaka mahali palipokuwa na mashaka. Andika jumla hiyo kwa kila kundi peke yake, uigizaji, ufundi, filamu fupi, maana filamu fupi ndizo huangusha watu wengi: tuzo za kukuongoza ni chache, na hapo dawa ni kuzitazama zote na kutompa yeyote zaidi ya 40.