Kuandika maktaba ya rifleksheni kwa Go mkiwa wawili

Chukulieni programu ya ghala la mkonge Tanga. Mmoja yuko Ngamiani, mwenzake Pongwe, na maktaba yao inatakiwa kujaza strakti yoyote (kundi la fildi zenye majina) kutoka faili la CSV (jedwali la maandishi) wakati programu inaendeshwa. Kuchunguza aina na kuandika thamani programu ikiwa kazini ndiyo rifleksheni, na katika lugha ya Go iko kwenye kifurushi cha `reflect`:

```go
type Kilo float64

type Robota struct {
    Daraja string `safu:"daraja"`
    Uzito  Kilo   `safu:"uzito_kg"`
    shamba string
}
```

1. Gawaneni kazi. Mmoja asome aina na tagi (yale maandishi ya `safu:"..."` yanayotaja safu ya CSV), mwingine aandike thamani. Kwa nje toeni fanksheni moja tu, `Jaza(lengo any, safu map[string]string) error`. Kila jina la ziada mtakalolitoa mtalibeba miaka. Kwenye `go.mod` wekeni Go 1.18 au zaidi, maana `reflect.Pointer` ilianzia hapo.

2. Git (programu ya kutunza historia ya msimbo), kila mtu na tawi lake. Mtandao ukisumbua, `git bundle create kazi.bundle main` inafunga tawi na historia yake katika faili moja la kubeba kwa flashi. Mwenzako anafungua kwa `git clone -b main kazi.bundle`. Ukisahau `-b main`, huenda folda ikafunguka tupu. Msitumiane zip za msimbo WhatsApp. Hazina historia, na kuunganisha kazi za watu wawili kutawashinda.

3. Lindeni mlango wa kuandikia. Hapa ndipo saa zinapoishia. `reflect.ValueOf(robota)` inapokea nakala, kwa hiyo ukiita `.Field(1).SetFloat(250)` kompaila inapita kimya, kisha programu inaanguka ikiwa kazini. Pokeeni pointa (anwani ya thamani halisi), na mkague kwa mpangilio huu huu:

```go
v := reflect.ValueOf(lengo)
if v.Kind() != reflect.Pointer || v.IsNil() ||
    v.Elem().Kind() != reflect.Struct {
    return errors.New("lengo liwe pointa ya strakti")
}
v = v.Elem()
```

`IsNil` ikitangulia, mtu akipitisha namba au stringi inaanguka yenyewe. Wala `lengo == nil` haitoshi: `(*Robota)(nil)` ikishaingia ndani ya `any` (aina inayobeba chochote), jibu lake ni `false`.

Sasa fildi zenyewe. `CanSet` inakataa kwa sababu mbili, na ujumbe wa kosa uzitenganishe. `CanAddr` ikiwa `false`, mmeshika nakala. Ikiwa `true` na bado `CanSet` inakataa, fildi ni ya siri, kama `shamba` yenye herufi ndogo. Irukeni. Msiipenye kwa `unsafe`, kifurushi cha kukwepa ulinzi wa Go. Mwenye strakti aliificha kwa makusudi.

Chagueni njia kwa `Kind` (umbo la msingi lililo chini ya aina), si kwa aina. `Kilo` si `float64`, kwa hiyo `Set(reflect.ValueOf(250.0))` itaanguka, lakini `Kind` yake ni `Float64` na `SetFloat` inaikubali. Kwa namba kamili iteni `OverflowInt` kwanza. Bila hiyo, 300 ikiingizwa kwenye `int8` inakuwa 44 na hakuna kosa litakaloonekana. Hilo ni baya kuliko kuanguka, maana uzito wa uongo unafika hadi kwenye hati ya mzigo.

Thamani zilizo ndani ya ramani (`map`) hazibadilishwi mahali zilipo. Tengenezeni mpya kwa `reflect.New(aina).Elem()`, wekeni humo thamani ya zamani, ijazeni, kisha rudisheni kwa `SetMapIndex`.

Ukaguzi wote huu ukae katika fanksheni moja ambayo hakuna anayeibadilisha bila mwenzake kuipitia.

4. Kache, yaani kutunza kilichokwisha kusomwa. Someni tagi mara moja kwa kila aina, hifadhini katika `sync.Map` kwa ufunguo wa `reflect.Type`. Kisha `go test -race`, inayonasa kazi mbili zikigongana kwenye data moja.

5. Kabla ya kuunganisha. Kila badiliko lije na jaribio linalofeli bila hilo badiliko. Endesheni `go test -bench . -benchmem` (inapima kasi na kumbukumbu) kabla na baada, kwenye mashine ileile. Mkiona `MethodByName` (inayotafuta metodi kwa jina) yenye jina linalotoka kwenye kigeu, rudisheni kazi hiyo kwa mwandishi: linka (inayounganisha msimbo kuwa programu moja) hushindwa kujua ni metodi gani za umma zisizotumika, na programu ya kila atakayetumia maktaba yenu inanenepa.