Maji ya kisima cha bondeni usiyapime kwenye mvua halafu ukamwagilie kiangazi

Jamani kila kiangazi napigiwa simu zile zile, maharage ncha za majani zimeungua, vitunguu vimedumaa, nikiuliza maji yalipimwa chumvi naambiwa ndiyo afisa, karatasi ninayo. Yalipimwa lini? Kwenye mvua. Sasa karatasi hiyo ya nini?

Bondeni maji ya chini yako karibu sana, mvua ikinyesha kisima kinapata maji mapya yanayozimua chumvi na kipimo kinatoka kizuri. Kiangazi kikikaza maji hayo mapya hayapo tena, na kule shambani jua linavuta maji ya chini kwenda juu, yanakauka yanaacha chumvi pale pale kwenye mizizi, na wewe ndo unazidi kumwagilia. Kwa hiyo pima mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa yameshuka kabisa, ndipo uamue upande nini kiangazi kinachofuata. Ukiwa na hela ya kipimo kimoja tu, basi kiwe hicho.

Na tafadhali usichote ndoo ya kwanza, hayo ni maji yaliyolala. Washa pampu, pima kwa EC mita (kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme) kila baada ya dakika 5, namba zikishatulia mara tatu mfululizo ndo uchukue sampuli. Chupa ya plastiki ya lita 1, isuuze mara tatu kwa maji hayo hayo, jaza mpaka juu pasibaki hewa, weka kwenye baridi, ifike maabara ndani ya saa 24. Chupa ya soda iliyooshwa kwa sabuni nitakurudishia, sitanii! Mita nayo uihakikishe kwanza kwa maji yake ya kipimo, yale yanayopaswa kusoma mikro 1413, maana mita iliyopotoka inadanganya kwa kujiamini.

Soma na yunit. Mikro 1200 (mikrosimensi kwa sentimita) ni sawa na mili 1.2, yaani 1.2 dS/m (desisimensi kwa mita), kuna mtu alisoma 1.2 akafurahi akidhani ni mikro. Chini ya 0.7 dS/m mwagilia bila wasiwasi wa chumvi, 0.7 mpaka 3 inategemea zao, juu ya 3 ni shida kubwa. Maharage huanza kupunguza mavuno kwenye 0.7, vitunguu 0.8, mahindi 1.1, nyanya huvumilia mpaka 1.7 hivi. Kuonja kwa ulimi hakutakuonyesha tofauti ya 0.7 na 1.1, acheni hiyo.

Mita haioni sodiamu peke yake, ndo maana maabara waombe SAR pia (uwiano wa sodiamu na kalsiamu na magnesiamu), kwani sodiamu ikizidi udongo wa mfinyanzi unaziba na maji yanatuama juu. Wenye dripu (umwagiliaji wa matone) ombeni na kipimo cha chuma, maji ya bondeni hutoka maangavu yakikaa kwenye ndoo yanakuwa na kutu, ikipita miligramu 1.5 kwa lita matundu yataziba tu.

Maji yakiwa sawa majani hayaungui ncha na udongo haufanyi ukoko mweupe, basi. Ukoko ukianza kuonekana katikati ya msimu pima tena siku hiyo hiyo, usisubiri mavuno.