Somo: Minyoo ya mbwa. Soma mpaka mwisho ndipo uulize

Wakuu, wiki hii tu nimeulizwa mara tisa: "Mbwa wangu anakonda, nimpe dawa gani?" Naandika hapa mara moja. Mimi si daktari, ni mfugaji wa Ngaramtoni niliyekwisha kulipa ada ya ujinga.

1. Tazama kinyesi. Punje kama za mchele ni vipande vya tegu. Vitu kama tambi ni minyoo ya mviringo. Kinyesi cheusi kama lami na fizi zilizopauka, hiyo huenda ni safura inamnyonya damu: usijaribu kitu, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo. Usipoona kitu usishangilie, mayai hayaonekani kwa macho.

2. Mpime uzito. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa na watoto wa mbwa sita wa wiki tano, matumbo yamejaa kama ngoma. Nyumbani kulikuwa na chupa ya levamizoli, dawa ya minyoo iliyobaki ya mbuzi. Nikawatazama, nikasema hawa ni kilo tatu tatu, nikavuta kwa bomba la sindano nikawanywesha. Haikupita saa moja: udenda, kutetemeka, miguu ya nyuma ikakataa. Wawili walikufa kabla ya giza. Waliobaki nikawapeleka dukani kwenye mizani, kila mmoja kilo moja na robo! Kwa mbwa, dozi ya levamizoli inayotibu na ile inayodhuru zinakaribiana sana. DAWA YA MBUZI NI YA MBUZI. Na jicho si mizani. Mtoto mtie kwenye ndoo, mpime kwa muuza unga, toa uzito wa ndoo. Mkubwa mbebe mpande wote kwenye mizani, kisha panda peke yako, utoe.

3. Dawa. Vidonge vya mbwa vyenye pairanteli (minyoo ya mviringo na safura) pamoja na prazikwanteli (tegu, ndiyo hiyo hiyo wanayopewa watu wenye kichocho). Kipimo fuata karatasi ya ndani. Watoto wiki ya 2, 4, 6 na 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Mama yao mpe pamoja nao. Wakubwa kila miezi 3.

4. Okota kinyesi kila siku, tupa chooni. Si kwenye migomba.

5. Matumbo, mapafu na maini mabichi basi, usimpe tena.

MASWALI

Chui_wa_Sakina: Mkuu, mbwa wangu anaharisha, nimpe nini?
Jibu: Umeuliza dakika nne baada ya somo kupanda. Rudi juu.

Babu Kijenge: Sisi tunawapa kitunguu saumu na wanaishi.
Jibu: Shikamoo mzee. Kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Mwenye safura damu yenyewe inapungua, unamwongezea mzigo.

Getikubwa: Wangu hatoki nje kabisa, hili halinihusu.
Jibu: Viroboto wanabisha hodi? Mbwa akijilamba akameza kiroboto mwenye kijidudu cha tegu, tayari. Panya akiliwa naye huleta minyoo ya mviringo.

Mama wa Rau: Kaka, mama yao nilimpa dawa kabla hajapandwa, banda lina sakafu na naosha. Watoto wa wiki nne wametapika tambi. Zimetoka wapi?
Jibu: Dada, hili ndilo nililokuwa nalingoja. Lava (mnyoo mchanga) wa minyoo ya mviringo hujificha kwenye misuli ya jike, amelala, na vidonge vya kawaida havimfikii huko. Jike akishika mimba, lava anaamka, anapitia kondo la nyuma kumwingia mtoto tumboni, wengine kwenye maziwa. Safura nayo hupitia maziwa. Kwa hiyo mtoto anazaliwa nao, ndiyo maana tunaanza wiki ya 2. Kuosha kwako si bure: mayai ya minyoo hiyo huhitaji kama wiki mbili nje kabla ya kuambukiza, ukiokota kila siku unayawahi. Ila safura hupenda udongo wenye unyevu na kivuli, na lava wake hupenya ngozi. Huko kwenye vihamba (mashamba ya migomba), masika hii, watoto wenu wavae viatu.

Mnadani Kisongo: Huku mbwa wanangoja mapafu ya kondoo. Mengine yana malengelenge ya maji.
Jibu: Hayo ndiyo mabaya kuliko yote. Mbwa akila anapata tegu mdogo sana, hata haumwi, lakini mayai yake yakimfikia mtu yanamwotesha malengelenge hayo hayo kwenye ini au mapafu. Choma, au fukia shimo refu asilolifukua. Ya kulisha chemsha angalau nusu saa tangu maji yatokote.

Mnadani Kisongo: Asante mkuu. Unachemshia nini? Sufuria ya ndani wamenikatalia.
Jibu: Hata mimi nilifukuzwa jikoni. Nunua debe, weka mafiga nyuma ya banda, tia na dagaa kidogo na pumba.

Mama wa Rau: Pumba ya mahindi au ya mpunga?
Jibu: Mahindi. Ya mpunga walinisusia.