Jinsi ya kutoka kwenye mkataba wa intaneti bila kuachiwa deni

Nina duka la simu Arua, Uganda, na kabla ya hapo nilikaa miaka kwenye dawati la wateja la kampuni moja ya simu. Watu huniletea bili za laini walizoacha kutumia zamani. Wengi walichomoa laini, wakaitupa, wakadhani yamekwisha. Laini ya kujaza vocha ukiitupa hakuna anayekudai. Ya mkataba ni nyingine: bili hutembea hata ruta ikiwa imelala kabatini.

Hatua ya 1: Tafuta karatasi uliyosaini
Huna nakala? Nenda ofisi yao na kitambulisho, uiombe. Angalia mambo manne: mkataba unaisha lini, notisi ni ya siku ngapi (mara nyingi 30), ukitoka mapema unalipa nini, na ruta ni ya nani. Angalia pia aliyesaini. Kama mkataba uko kwa jina la duka au kampuni, barua yako binafsi haitapokelewa.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi
Hapa ndipo kesi hushindwa au hushinda. "Intaneti yenu ni mbovu" haimtishi mtu. Nilikuwa naisikia mara arobaini kwa siku. Chukua daftari. Kwa siku kumi pima kasi asubuhi, mchana na saa mbili usiku, ukikaa karibu na ruta, mahali pale pale, na watoto wamezima simu zao. Piga picha ya skrini kila mara. Umeme ukikatika andika pia, maana watakuambia tatizo ni umeme.

Hatua ya 3: Lalamika, upewe namba ya lalamiko
Ukipiga simu, usikate kabla hujapewa namba hiyo. Kisha tuma barua pepe yenye maelezo yale yale. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 inaukubali ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi, kwa hiyo usifute kitu.

Hatua ya 4: Lipa usichobishania
Ukigoma bili yote, wewe ndiwe uliyevunja mkataba. Lipa sehemu ya haki, na ile unayoipinga itaje kwa maandishi. Kabla ya kupiga kelele kumbuka kodi: tangu Julai 2021 data ina ushuru wa 12%, na juu yake kuna VAT ya 18%. Mzee mmoja alikuja hapa akidai ameibiwa; tulipopiga hesabu, "wizi" wote ulikuwa kodi.

Hatua ya 5: Barua ya kuvunja mkataba
Iwe fupi: jina, namba ya akaunti, namba za malalamiko, tarehe unayotaka huduma ikome, na ombi la bili ya mwisho. Iandike kwa Kiingereza, kwa kuwa mafaili yao yote ni ya Kiingereza. Makarani wa kuchapa mjini watakusaidia. Chapa nakala mbili. Moja waachie, ya pili wakupigie mhuri wa kupokea wenye tarehe. Mhudumu akisema "tuachie tu, mama, tutakupigia", usiondoke. Notisi huhesabiwa kutoka kwenye mhuri huo.

Hatua ya 6: Rudisha ruta
Kama ni yao, andika namba yake ya kiwandani (serial number), piga picha, rudisha na chaja yake. Chaja ikikosekana utatozwa. Dai karatasi ya kupokea. Kama benki inakukata kila mwezi, sitisha agizo hilo baada ya bili ya mwisho.

Hatua ya 7: Wakikataa
Peleka faili kwa Tume ya Mawasiliano, UCC, ambayo makao yake yako Bugolobi, Kampala. Watakuuliza kwanza kama umelalamika kwa kampuni, na hapo namba zako zinafanya kazi. Kama unadai pesa zako zirudi na hazizidi shilingi milioni 10, kuna utaratibu wa madai madogo kwenye mahakama ya hakimu, bila wakili. Lazima kwanza uwape kampuni barua ya madai na siku 14 za kujibu. Nayo ipigiwe mhuri, maana karani wa mahakama ataanza kwa kuuliza nakala hiyo.